Uzi: Nyinyi mnaojiita watunza paka hapa Amu, mnatuonaje?

Ndugu zangu wa Amu na Malindi mlio humu, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika na nataka kila mwenye paka asome.

Nilimpeleka mamangu Mombasa kufanyiwa operesheni ya jicho. Halua, paka wangu, hawezi boti ya Mokowe na kisha basi mchana kutwa, nikamtafutia mtu wa kumwangalia. Kijana wa hapa hapa mtaani. Simtaji, mamake namheshimu. Kila niliyemuuliza alimsifu: mtoto wa watu, ana adabu, hakosi msikitini. Haya, nyinyi mliomsifu, ni nani kati yenu aliyewahi kumwachia mnyama? Hata mmoja! Mlikuwa mnanisifia ukoo.

Pesa alizitaka mapema, nikatuma kwa M-Pesa. Nikamwachia samaki waliochemshwa kwenye friza, chakula kikavu, mchanga wa kujisaidia, na karatasi yenye kila kitu, pamoja na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kila asubuhi picha inaingia WhatsApp, Halua kalala mkekani, "anti yuko sawa". Mpaka nikaanza kuzitazama vizuri. Mkeka ule ule, mkunjo ule ule, jua limepiga ukutani pale pale. Na asubuhi hiyo dadangu ananiambia Amu mvua inamwagika tangu alfajiri! Kumbe picha zote alizipiga kwa mkupuo, akawa ananigawia kama dozi. Nikamwomba simu ya video, ati bando limeisha.

Ufunguo wangu alishampa mpwawe, mvulana wa shule. Mvulana akaona kusafisha ni kazi, akamfungia paka darini.

Nimerudi nimemkuta Halua, paka mnene yule, amenywea, ufizi na ndani ya masikio vimegeuka manjano. Daktari wa mifugo akanieleza: paka akikaa siku chache bila kula, hasa aliyekuwa mnene, mafuta ya mwilini huhamia kwenye ini na kulilemea. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani mnyama akishinda na njaa atakula akirudishiwa sahani. Paka akifika hapo hataki hata kunusa. Sasa namlisha kwa sirinji, kidogo kidogo, mchana na usiku.

Na jawabu la bwana mkubwa? "Anti, paka wa Amu hujitafutia." Wale wa sokoni ndiyo, wanangojea vichwa vya samaki. Huyu kafungiwa darini, ajitafutie nini, misumari? Halafu akaongeza, kwa fahari kabisa, kwamba mpwawe alimwona mnyonge akataka kumpa nusu kidonge cha paracetamol. Alhamdulillahi hakumpa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinaweza kumuua.

Bado. Juzi kanipigia simu nimlipe pesa za hospitali, mpwawe alikwaruzwa. Nikamuuliza, mlimwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kama nilivyoandika? Kimya. Kadi ya chanjo mliionyesha hospitali? "Kadi gani?" Karatasi yangu haikufunguliwa. Pesa za mtoto nimetoa, maana mtoto hana kosa, lakini nilizitoa huku natetemeka.

Mji huu punda ana kliniki yake tangu 1987, na mtu akimpiga punda barabarani hakosi wa kumkemea. Paka tunawapiga picha kwa ajili ya watalii, basi.

Na msiniambie "si paka tu". Aliyeshindwa na paka kwa pesa nilizolipa ndiye huyo huyo anayeshika funguo za nyumba za wageni kule Shela.

Mamangu ana miadi nyingine ya daktari, lazima nisafiri tena. Mwenye kumjua mtunzaji, anipe namba ya mtu aliyemwachia mnyama wake akamkuta mzima, si namba ya shangazi wa mtunzaji. Awe tayari kuja nyumbani kabla sijaondoka amlishe Halua mbele yangu, na simu ya video nitapiga wakati nitakaotaka mimi. Asiyetaka kuulizwa asiombe kazi.

Na wewe kaka, najua unasoma. Ufunguo wangu baki nao, kitasa nishabadilisha. Pesa yangu ndiyo nataka.