Mrejesho: nimempanda farasi, Nyali

Wapendwa, niliwauliza nifanyeje na hofu ya kupanda farasi mara ya kwanza. Jana nimempanda, ufuoni Nyali, Mombasa, maji yamekupwa na mchanga umeshikana. Yule aliyesema nimwendee kwa ubavu wa kushoto huku nikiongea naye asishtuke, ahsante sana. Magoti yalitetemeka hadi nilipotia mguu kwenye kikuku, kile cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Mwalimu akaniambia, "Visigino chini, dadangu, tazama mbele. Usining'inie kwenye hatamu, lijamu, hicho chuma cha mdomoni, itamuumiza." Kumbe nikikaza mwili, farasi naye hukaza! Nilipopumua polepole akalegea, sikio moja likanigeukia. Raha iliyoje! Tulitembea tu, mbio bado. Kofia ngumu nilivaa, kama mlivyosisitiza. Jumamosi narudi, inshallah.