Kupima gesi ya AC: geji, mizani au kipimajoto?

MweneNyumba_Mbweni
Assalam alaikum jamani. Nna AC ya ukutani, BTU 12,000, inveta (kompresa yake hubadili mwendo), gesi R410A, ile ya baridi na joto (joto la nini hapa Mbweni sijui, ndivyo ilivyokuja). Tangu kaskazi ianze haipozi, na bomba dogo kule nje linaota barafu. Nimeita mafundi watatu, kila mmoja na lake. Wa kwanza afunge geji ya presha, aongeze mpaka psi 120, aende zake. Wa pili atoe gesi yote, avute hewa kwa pampu, ajaze upya kwa mizani, na bei yake mara tatu. Wa tatu ana kipimajoto cha kubana kwenye bomba. Nimshike yupi?

FundiBaridi_Bububu
Wa alaikum salaam. Osha filta kwanza, ni bure. Filta chafu nayo huleta barafu, ila hiyo hutanda ndani na kwenye bomba kubwa. Barafu ya bomba dogo, na kubwa likawa kavu halina jasho, mara nyingi ni gesi kupungua.

Huyo wa 120 hajasema uongo, kasema nusu. R410A ikiwa psi 118 inachemka kwenye nyuzi 4 hivi. Enzi za R22, gesi ya zamani, tulikuwa tunajaza mpaka 65 au 70 tukanywa chai, kwa sababu kompresa ilikuwa na mwendo mmoja. Inveta haitulii. Ikikaza mwendo geji inashuka, fundi anaona gesi ndogo, anaongeza. Ikilegeza inapanda, anaona imejaa. Bila kuifunga mwendo mmoja kwenye hali ya majaribio, unasoma mwendo wa kompresa, husomi gesi.

Yakhe_Chake
Na remoti ifichwe! Nipo juu ya ngazi na geji, mtoto wa mwenye nyumba kabonyeza joto. Sindano ikapaa ikapita 400, nikajua leo naruka. Kumbe vali ya njia nne, ile ya kubadili baridi na joto, imegeuza, bomba kubwa limekuwa la presha ya juu. Tangu siku hiyo remoti huitia mfukoni.

MamaGesti_Paje
Mwanangu wa Mbweni, nisikilize mie niliyekwisha ungua. Kila kaskazi fundi alikuwa ananiongezea gesi chumba namba 2, nalipa, nashukuru. Mwaka wa tatu kompresa ikafa na wageni wamo ndani. Mwengine alipokuja akapaka sabuni kwenye nati za nyuma, povu likatoka kama la kufulia. Gesi hailiwi kama petroli. Imepungua, basi ina pahala inapotokea. Ulizia hapo kabla ya bei.

KipimaJoto_Wete
Bibi kasema kweli. Lakini msimdharau wa tatu. Geji ikisoma 125, R410A inachemka nyuzi 6. Bana kipimajoto kwenye bomba kubwa, ukikuta 13 tofauti ni 7, mashine nzima hiyo. Ukikuta 20, ndani hamna gesi ya kutosha. Tofauti ya 1 au 2, imezidi, maji ya gesi yanarudi kwenye kompresa, na kompresa haijui kumeza maji.

FundiBaridi_Bububu
Kwa mashine ya kapilari, kijibomba chembamba kisichobadilika, naunga mkono mia kwa mia. Kwa inveta, vali ya umeme inayopitisha gesi yenyewe inaitafuta hiyo tofauti. Gesi ikipungua kidogo vali inafunguka zaidi, kipimajoto chako kinaona mambo mazuri. Na bomba dogo huwezi kulipima upande wa presha ya juu, maana gesi hushushwa presha ndani ya mashine ya nje kabla haijafika kwenye bomba hilo. Ndiyo maana linaota barafu. Mie namchagua wa mizani. Mashine hizi mara nyingi hubeba chini ya kilo moja na nusu, gramu 100 zikipungua au zikizidi zinajulikana.

MweneNyumba_Mbweni
Shida sasa: kibandiko cha nje kimeliwa na chumvi na jua, hakisomeki hata herufi. Atapima afike wapi?

KipimaJoto_Wete
Fungua ya ndani, tazama ubavuni au chini, mara nyingi nayo huandikwa. Hamna, chukua namba ya modeli utafute kitabu chake. Humo pia mna urefu wa bomba uliokwisha hesabiwa na gramu za kuongeza kila mita inayozidi. Na aigeuze mitungi gesi itoke maji, si mvuke, maana R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili. Ile ya zamani asiiachie hewani. Kilo moja yake inapasha dunia kuliko kilo 2,000 za hewa ya ukaa.

MweneNyumba_Mbweni
Nimerudi. Nimemwita wa mizani. Kibandiko cha ndani kilisema kilo 0.95, bomba langu halizidi lililoandikwa kitabuni. Zilizotoka gramu 520. Kabla ya kujaza akatia naitrojeni na sabuni: nati ya bomba kubwa, nyuma, upande wa baharini. Ilikuwa kijani kama sarafu iliyookotwa ufukweni. Kakata, kapanua shaba upya, kavuta hewa saa nzima, kajaza. Bomba dogo limeacha barafu, sasa yote mawili yanatoka jasho.

MamaGesti_Paje
Ile nati ya pili umemwambia aitazame?