Kuzindua nyumba mpya: kisomo cha mchana, hafla ya jioni au chai ya asubuhi?

Mhamiaji wa Kivule
Salamu kwenu nyote. Baada ya miaka sita ya kujenga kidogo kidogo, familia yangu imehamia kwenye nyumba yetu huko Kivule, na sasa tunataka kuwakaribisha ndugu na majirani Jumamosi ya pili ya Novemba. Tumebaki na njia tatu. Ya kwanza ni kisomo na pilau ya mchana, ambayo wanawake wa ukoo wataipika wenyewe. Ya pili ni hafla ya jioni yenye mpishi wa kukodi, turubai, viti na muziki. Ya tatu ni chai ya asubuhi tu, kwa maandazi, vitumbua na mihogo, watu watawanyike kabla jua halijawa kali. Bajeti yangu si kubwa wala si ndogo. Naomba aliyewahi kufanya mojawapo ya hizi aniambie ipi inafaa.

Fundi Mstaafu
Bajeti ambayo si kubwa wala si ndogo ni kitendawili, kijana wangu. Tueleze wageni ni wangapi, nyumba imekwisha au mmehamia kabla ya kumaliza kama tulivyofanya wengi wetu, ua una ukuta au hauna, maji mnayatoa wapi, na vyoo ni vingapi. Nimejenga nyumba za watu kwa miaka mingi, na nimeona wenye nyumba wakibishana juu ya nyama ya mbuzi na ya ng'ombe wiki nzima ilhali choo ni kimoja na mlango wake bado haujatiwa kitasa.

Binti Unguja
Mimi nakushauri kisomo bila kusita. Karamu ya nyumba mpya ina jina lake katika fiqhi, yaani elimu ya sharia za Kiislamu, nayo huitwa wakira, kama ya harusi ilivyo walima na ya mtoto ilivyo akika, kwa hiyo hubuni jambo jipya. Surat al-Baqara isomeni asubuhi mkiwa wenyewe wa nyumbani, kwa kuwa ina aya 286 na si haki kuwakalisha wageni wote wakiisubiri huku harufu ya pilau inawapitia puani. Fukizeni ubani na udi, kisha wageni waje baada ya adhuhuri kwa dua fupi na chakula cha sinia. Ukiwakalisha watu wanne wanne kwenye sinia moja, utajua kwa hesabu nyepesi umebakiwa na nini jikoni.

Msafiri wa Nyali
Dada wa Unguja amesema vyema, ila sioni kwa nini kila shughuli ya bara lazima iwe pilau. Huku Mombasa mtu aliyejenga nyumba kwa jasho lake akiwapa wageni pilau tupu wataondoka wakiulizana kama fedha zilimwishia kwenye mabati. Pika biriani, ndugu yangu.

Mzee wa Tabata
Biriani ni chakula kizuri kwa watu ishirini. Kwa watu wengi inataka sufuria la wali na sufuria la masala, vitunguu vya kukaanga gunia zima, na mpakuaji mwenye roho ya haki, kwa sababu wa mwisho kwenye foleni hupewa wali wa njano na mchuzi wa kuonja. Pilau hujitosheleza ndani ya sufuria moja. Hesabu yangu ni kilo moja ya mchele kwa watu saba, na nyama kilo sawa na mchele au pungufu kidogo, pamoja na kachumbari nyingi ambayo ni rahisi na humjaza mtu. Usikubali kuuziwa mchele mpya uliovunwa juzi hata kama unanukia, kwa sababu hushikana na pilau yako itakuwa bokoboko. Pia pikia kuni, upalie makaa juu ya kifuniko. Pilau isiyopaliwa ni wali wa viungo tu.

Mama Wawili
Nitaandika kwa urefu na mniwie radhi, kwa kuwa yaliyonipata mwaka 2021 yalianza na hiyo njia yako ya pili. Tulihamia upande wa Goba, tukaalika watu 100, tukamkodi mpishi tuliyesifiwa kazini, na turubai tukalikodi kwa watu wengine. Vijana wa turubai walifika alfajiri, mume wangu akiwa amekwenda kuchukua nyama nami nikiwa ndani ninawaogesha watoto. Walipigilia vigingi vya chuma kwa nyundo kila mahali walipopenda, na kimoja kikalipasua bomba la plastiki linalotoka kwenye simtanki kwenda jikoni, ambalo fundi wetu alikuwa amelifukia kwa kina kisichofika shubiri. Hakuna aliyeona kitu, kwa sababu mchanga wa pale hunywa maji kimya kimya.

Saa nne asubuhi lita 1,000 zilikuwa zimekwisha. Nikaamini kwamba wapishi wanamwaga maji ovyo, nikamfokea yule mpishi mbele ya wasaidizi wake. Alinyamaza tu, akaendelea kukatakata vitunguu, na tangu hapo kila nilipomwuliza jambo alinijibu, "Wewe ndiye mwenye shughuli." Tuliagiza boza la maji, likafika saa saba, likashindwa kuingia kwa kuwa turubai lilikuwa limeziba geti, tukabaki tunachota kwa ndoo kutoka barabarani huku wageni waliovaa nguo zao nzuri wakitupisha. Pilau ilitoka na kiini. Waliotoka mbali walikula kwa sababu hawakuwa na pa kwenda, na majirani walisema wanapitia nyumbani mara moja, wakarudi jioni wakiwa wameshiba. Saa moja usiku umeme wa LUKU ukatuishia katikati ya muziki, na simu zote zilizokuwa na salio la kununulia zilikuwa zimezima chaji.

Bomba tuliligundua kesho yake, tulipojaza simtanki tena na dimbwi likajitokeza chini ya alama ya kigingi. Nilimpigia simu mpishi kumwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha kwamba bado namdai, yaani yeye ndiye anayenidai, nusu ya malipo yake. Unaona hata leo bado nachanganyikiwa nikiyasimulia haya.

Fundi Mstaafu
Pole sana, mama. Bomba la kupita uani hufukiwa kwa kina cha kuanzia nusu mita, tena mwenye nyumba huachiwa mchoro hata kama ni wa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Aliyelifukia kwa shubiri hakuwa fundi.

Kijana wa Sinza
Samahani wakubwa zangu, mbona hakuna aliyetaja mchango? Ukiwaomba wageni wachangie kiasi kidogo, hafla ya jioni inawezekana hata kwa bajeti ya kitendawili.

Binti Unguja
Michango ni ya harusi na misiba, mdogo wangu. Huwezi kumwita mtu aje kuona neema uliyopewa kisha ukamtoza kiingilio mlangoni.

Mzee wa Tabata
Watu wataleta zawadi hata usipowaomba, na heri ungewaelekeza. Sisi hatukuwaelekeza, na sasa nyumba yangu ina saa nne za ukutani, hakuna inayokubaliana na nyingine. Jambo jingine ni kufungasha. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mama zetu huja na vibakuli vyao ndani ya mikoba, kwa hiyo kwenye ile hesabu ya kilo moja kwa watu saba ongeza kilo mbili za vibakuli.

Msafiri wa Nyali
Mwenye mada yuko wapi? Tunamgawia chakula na hatujui hata anawalisha akina nani.

Mhamiaji wa Kivule
Nipo, na nawashukuru. Wageni tuliowahesabu ni 80. Nyumba ina vyoo viwili, kimoja bado hakijawekwa vigae. Simtanki ni la lita 2,000, na maji tunayapata kwa zamu. Ukuta umefika nusu. Kuna bonde kidogo kabla ya kufika kwetu, gari dogo hupita kama hakujanyesha. Jambo nililosahau kulisema ni kwamba mimi ni Mwislamu na mke wangu anatoka kwa Walutheri wa Moshi, na ndugu zake wangependa mchungaji naye aiombee nyumba.

Mama Wawili
Kaka, hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza.

Binti Unguja
Basi mbuzi achinjwe na Mwislamu ili wote wale bila wasiwasi, kama inavyofanyika siku zote katika nyumba za mchanganyiko. Kuhusu maombi sina neno, hayo myazungumze wewe na mkeo kabla wageni hawajafika.

Mzee wa Tabata
Nami nabadili ushauri wangu. Kwa jirani yangu, ambaye ni Mkatoliki, wanajumuiya walikuja alfajiri ya Jumamosi, padre akanyunyizia maji ya baraka chumba kwa chumba, wakanywa chai, na kufikia saa tatu ua ulikuwa umefagiwa. Upande wa shemeji zako upe chai ya asubuhi na mchungaji wao, upande wako upe kisomo na pilau mchana. Simtanki halitabeba watu 80 kwa mkupuo, ila litabeba 40 mara mbili ukiwahi kulijaza usiku wa Ijumaa.

Kijana wa Sinza
Na shemeji wakinusa pilau saa tatu wakakataa kuondoka?

Fundi Mstaafu
Mimi bado niko kwenye hilo bonde. Novemba ni mvua za vuli, na gari linalopita "kama hakujanyesha" maana yake ni gari lisilopita. Boza halitavuka, gari la turubai halitavuka, na wazee watashuka kwenye bodaboda wakiwa na matope hadi magotini. Sogeza shughuli hadi Januari, wakati huo ukuta utakuwa umekamilika na choo cha pili kina vigae.

Mhamiaji wa Kivule
Ushauri wa kugawa wageni mke wangu ameupenda, ingawa anauliza ni nani atakayewaambia ndugu zangu kwamba wao si wa asubuhi. Kusogeza tarehe ni kugumu, kwa kuwa mama mkwe ameshakata tiketi ya basi kutoka Moshi, tena za watu wanane.

Fundi Mstaafu
Basi angalau nionyeshe bomba linapita wapi kabla hujamwita mtu wa turubai.

Mhamiaji wa Kivule
Fundi aliyelifukia hapokei simu tangu Agosti.