Tupeane uzoefu: mzazi "anasahau", kumbe masikio au macho

Habari zenu wakuu.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya baba yangu, ana miaka 74. Karibu mwaka mzima tulikuwa tunasema nyumbani kwamba mzee uzee umemwingia. Ukimweleza jambo anaitikia "eeh" na kutabasamu, kesho yake anakana kabisa kwamba mliongea. Siku moja nikamuuliza kitu amenipa mgongo, anafunga kamba za viatu. Kimya. Nikarudia mara tatu. Nilipozunguka mbele akaniona mdomo, akajibu vizuri tu. Niliishiwa nguvu. Atakumbukaje neno ambalo halikumfikia?

Ila jambo haliishii hapo. Usikivu hafifu wenyewe unahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kupata demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Ripoti ya wataalamu wa jarida la tiba la Lancet ya 2024 ina vihatarishi 14 vinavyoweza kushughulikiwa. Usikivu ulikuwemo tangu zamani, na safari hii wameongeza uoni hafifu usiotibiwa. Daktari alinifafanulia hivi: ubongo ukimaliza nguvu kukisia maneno, unabakiwa na kidogo cha kuyatunza. Halafu asiyesikia hujitenga, na upweke nao unaudhoofisha ubongo.

Sasa anavaa shime sikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia. Wiki ya kwanza alilivua kila mara, akilalamika kwamba karatasi zinapiga kelele. Likarekebishwa, tukaanza na saa mbili kwa siku.

Wenye uzoefu karibuni, wa masikio na wa macho.

Binti wa Mwisho:
Kwetu ilikuwa macho. Mama aliacha kushona, akawa anapapasa ukuta akitembea, na akamwita mwanangu kwa jina la binamu yake. Tukasema amechanganyikiwa. Kumbe mtoto wa jicho, macho yote mawili! Bandeji ilipotolewa alinishika shavu akasema, "Mbona umekonda hivi, mwanangu, na hamkuniambia?" Nililia pale pale.

Kuna utafiti wa Marekani uliofuatilia wazee zaidi ya 3,000 wenye matatizo ya macho. Waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, hatari yao ya demensia ilikuwa pungufu kwa karibu 30%. Waliopasuliwa kwa presha ya macho haikuonekana tofauti hiyo, kwa hiyo huenda mwanga wenyewe kufika ndani ya jicho una maana yake.

Mkwe:
Naomba niseme upande wa pili, kwa upendo. Mama mkwe wangu tulimpeleka tumechelewa, demensia ilishaingia. Kifaa hakikumrudishia kumbukumbu. Lakini hasira zimepungua, maana zamani alidhani tunamsengenya tukiongea mbele yake. Kwangu hilo peke yake lilitosha.

Tusipeane matumaini makubwa mno. Jaribio moja la 2023 lilihusisha watu 977 wa miaka 70 hadi 84. Kwa ujumla, baada ya miaka 3, waliopewa vifaa vya kusikia hawakutofautiana kiakili na wenzao wasiopewa. Waliofaidika ni kundi lililokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo: kwao kushuka kwa uwezo wa akili kulikuwa pungufu kwa 48%.

Mjukuu:
Babu yangu ilikuwa nta tu, imeziba masikio yote mawili. Nesi aliisafisha siku ileile. Jamani, acheni vijiti vya pamba, vinaisukuma ndani zaidi.

Mwanzisha uzi:
Mkwe, pole sana dada, na asante kwa ukweli wako. Mjukuu, kweli kabisa, hata sisi walianza kuangalia nta.

Binti wa Mwisho:
Kaka, mzee alipimwa kumbukumbu kabla au baada ya kupata kifaa?

Mwanzisha uzi:
Mara mbili. Mara ya kwanza hakuwa nacho. Alisomewa maneno matatu ayarudie baadaye, akataja moja, ikaandikwa hivyo. Tulipofika nyumbani aliniuliza, "Kwani yalikuwa mangapi?"