Kupanda farasi na kukimbia: nipangeje wiki yangu?

Mwenye swali, Kampala
Ndugu zangu, hamjambo. Ninakimbia mara tatu kwa wiki kwenye vilima vya Kololo na Naguru, ninainua vyuma Ijumaa jioni, na sasa ninajifunza kupanda farasi kila Jumamosi asubuhi. Nikiwa juu ya tandiko visigino havishuki, magoti yanambana farasi, naye huongeza mwendo kana kwamba nimemwamuru. Je, niache kukimbia?

Mkazi wa Jinja
Usiache, ndugu yangu. Hamishia vyuma Jumanne, kwa sababu mapaja yaliyochoka hayatulii, na mpandaji anayejishikilia kwa magoti huinuka kutoka kwenye tandiko badala ya kukaa ndani yake. Kupanda vilima nako hukaza vigimbi, na kigimbi kilichokaza ndicho kinachozuia kisigino kushuka kwenye kikuku, yaani chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Kila jioni simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya wayo, ushushe visigino polepole, uhesabu hadi 30.

Mama wa Entebbe
Mimi, mwanangu, ningepunguza mbio ziwe mbili na kuogelea mara moja, kwani maji hujenga mgongo na tumbo bila kuumiza viungo. (Bwawani, si ziwani, kichocho hakina utani.)

Mwenye swali
Asanteni sana. Jana nilijaribu zoezi la ngazi, na mguu wa kushoto umekaza kuliko wa kulia, upande uleule ambao kikuku hunitoka.