LSD kwenye Runx Z: difu ya gia, ya sahani, au nibaki na ya kiwandani?

Runx_Shangani

Wakuu, habari za kutwa. Nina Toyota Runx Z, injini 2ZZ-GE, giaboksi ya manyuali ya gia sita (C60). Sina mpango wa kuiuza gari hii, kwa hiyo niko tayari kuitengeneza vizuri hata kama itachukua muda.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikitoka Masasi kupanda Newala, kwenye zile kona za mlimani, gia ya pili, injini ikivuka RPM 6,000 na kemu ya juu (inayofungua valvu zaidi) ikashika, tairi la ndani ya kona linazunguka bure. Pua inakwenda nje, usukani unalegea mkononi, nguvu inapotea. Barabara ikiwa na unyevu inanitokea hata nikikanyaga kistaarabu.

Nimeona njia tatu, mbili zikiwa za LSD, yaani difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure: LSD ya gia za mshazari kama za Quaife au Torsen, mpya, bei kali. LSD ya sahani (sahani zinabanana ndani) iliyotumika kutoka Japani, nafuu kiasi. Au niachane na difu nimalize pesa kwenye tairi na shokapu. Gari naitumia kila siku mjini, safari za Lindi na Masasi, mara moja moja Msimbati kwenye mchanga. Mngekuwa ninyi mngefanya nini?

FundiWaChuno

Karibu mkuu. Mimi kazi yangu ni giaboksi, kwa hiyo nianze na kinachotokea ndani.

Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa kushoto na kulia, muda wote. Watu wanadhani inapeleka nguvu nyingi kwenye tairi linaloteleza. Hapana. Inachofanya ni kwamba tairi lenye mshiko mdogo ndilo linaloamua kiasi cha yote mawili. Injini yako inatoa Nm 180 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Gia ya pili ya C60 ni 2.050 na gia ya mwisho ni 4.529, kwa hiyo zinafika karibu Nm 1,670 kwenye shafti zote mbili, ukiacha zinazopotea kwa msuguano. Sasa chukulia kwenye kona tairi la ndani limepungukiwa uzito na linaweza kubeba Nm 400 tu. La nje nalo litapata 400, hata kama lina uwezo wa kubeba mara mbili na nusu yake. Jumla 800. Zilizobaki zinaishia kulizungusha tairi la ndani na kupandisha RPM.

Ukiweka difu ya gia yenye uwiano wa 2.5 kwa 1, la ndani likiwa na 400 la nje linaweza kupewa hadi 1,000. Jumla 1,400. Gari ni ileile, tairi zilezile. Ndiyo maana wanaoifunga hawarudi nyuma.

Ila nakuomba kitu kimoja kabla hujanunua chochote. Pandisha gari, kagua bushi za amu ya chini, bol-jointi, tairodi na mauntingi za injini. Bushi ikiwa imekwisha, gurudumu linarudi nyuma na mbele kila ukikanyaga, na LSD itakuonyesha ubovu huo mara mbili. Nimeona magari yanavuta kushoto na kulia mwenyewe analaumu difu, kumbe ni bushi.

Golf_Mingoyo

Mimi natumia Golf GTI Mk6, nimwambie mkuu jambo la njia ya nne. Gari hii haina LSD ya kweli, ina XDS, yaani kompyuta inabana breki ya tairi la ndani ili nguvu iende la nje. Inasaidia, na wala huhisi kitu mkononi. Tatizo ni kwamba kila msaada unalipwa na pedi za breki na joto. Ukipanda mlima mrefu wenye kona mfululizo breki za mbele zinapata moto hata kama mguu wako haujagusa pedali. Volkswagen wenyewe kwenye Mk7 yenye Performance Pack waliweka kufuli ya sahani inayobanwa kwa haidroliki na kuongozwa na kompyuta, nadhani kwa sababu hiyohiyo.

Runx yako haina mfumo wa kuunganisha kitu kama hicho. Kwa hiyo kwako ni chuma tupu, na mimi ningekwenda ya gia.

Dada_Tandahimba

Kaka Runx, mimi nina Swift Sport ZC31S yenye LSD ya sahani, ilikuja nayo hivyo kutoka Japani. Nikueleze ukweli wa kuishi nayo, maana wengi wanaoizungumzia wameiona kwenye video tu.

Uzuri wake: haisubiri. Ndani kuna springi zinazobana sahani muda wote, kwa hiyo hata tairi moja likiwa hewani, lingine linavuta. Kwenye mchanga wa huku kwetu na matope ya masika imenitoa sehemu ambazo wenye Vitz wanaomba kusukumwa.

Ugumu wake: kuzunguka sokoni au kuegesha, inagonga na kulia kak-kak-kak, watu wanageuka wakidhani sivi jointi (jointi ya shafti ya tairi) imekufa. Usukani ni mzito. Na sahani zinakwisha. Zikiisha inabaki kama difu ya kawaida, na kuzibadilisha ni lazima giaboksi ishuke tena.

Na kuna hili la mafuta ambalo kwa gari za kuvuta mbele ni muhimu sana. Hilux au Land Cruiser ina difu peke yake na mafuta yake peke yake. Sisi difu iko ndani ya giaboksi. Unga wa sahani unaogelea kwenye mafuta yaleyale yanayolainisha gia, beringi na sinkronaiza. Mimi nabadilisha mafuta mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kila mara yanatoka meusi.

Ukinunua iliyotumika, uliza kwanza kama ni ya njia moja, moja na nusu au mbili. Ya njia mbili inabana hata ukiachia mafuta, na kwa gari ya kuvuta mbele hiyo inamaanisha ukiachia katikati ya kona pua haitaki kurudi ndani. Usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Kijana_Nachingwea

Wakuu kwani hamuoni njia rahisi? Difu inachomelewa kwa umeme, nguvu zinakwenda tairi zote mbili, gharama ni elektrodi tu. Madogo wanafanya kwenye magari ya kudrifti.

FundiWaChuno

Mdogo wangu, ya kudrifti inavuta nyuma, na tairi za nyuma hazina usukani. Za mbele ndizo unazoongozea.

Upana kati ya tairi za mbele za Runx ni takriban mita 1.5. Ukizunguka duara moja zima, tairi la nje linatembea zaidi ya mita 9 kuliko la ndani, haijalishi duara ni dogo la kuegesha au kubwa la uwanja. Ukichomelea difu, mita hizo lazima zipatikane kwa tairi kuburuzwa kwenye lami. Usukani utakuwa mzito wa kuumiza mabega, gari litataka kwenda mbele moja kwa moja kwenye kila kona, na siku moja shafti au sivi itakatika. Itakatika ukiwa umekanyaga, maana ndipo mzigo unapokuwa mkubwa. Kwenye gari ya barabarani mimi kazi hiyo siifanyi, hata mteja akilipa mara tatu.

Mzee_wa_Ndanda

Vijana, nimefurahi kusoma mazungumzo haya.

Runx_Shangani

Shikamoo mzee.

Mzee_wa_Ndanda

Marahaba. Nina neno juu ya ile difu ya gia, maana naona inasifiwa bila kutajwa udhaifu wake. Inafanya kazi kwa kuzidisha. Ukiwa na 400 upande mmoja inakupa 1,000 upande wa pili, sawa. Lakini tairi likinyanyuka kabisa, au likizama kwenye mchanga laini lisishike kitu, upande huo ni sifuri, na sifuri mara 2.5 ni sifuri. Hapo unarudi kuwa na difu ya kawaida. Kwa kijana anayekwenda Msimbati hili alijue mapema.

Golf_Mingoyo

Mzee wangu, si anavuta hendibreki kidogo? Nimesikia inaamsha difu.

Mzee_wa_Ndanda

Hiyo ni kwa gari ya kuvuta nyuma, mwanangu. Kwenye Runx hendibreki inashika tairi za nyuma, na difu iko mbele, kwa hiyo unajiongezea mzigo tu. Atumie breki ya mguu wa kushoto, aiguse taratibu huku mafuta yameshikwa. Breki inalipa lile tairi linalozunguka bure kitu cha kupingana nacho, na difu inapata namba ya kuzidisha. Ajizoeze sehemu ya wazi, maana mguu wa kushoto umezoea klachi na una tabia ya kukanyaga hadi chini.

La pili ni zito zaidi kwangu. Barabara zetu nyingi huku pembeni ni mchanga. Basi linakuja limechukua katikati, unashusha tairi la kushoto nje ya lami. Sasa kulia una lami, kushoto mchanga. Ukikanyaga mafuta ukiwa na LSD, ya aina yoyote, nguvu kubwa inakwenda kulia, na upande wa kulia ukisukuma mbele gari linageukia kushoto, kule kwenye mchanga na watu wanaotembea kwa miguu. Difu ya kawaida haifanyi hivyo kwa nguvu kiasi hicho. Ukishashuka pembeni, achia mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, rudi lamini polepole, ndipo ukanyage. Mwambie na yeyote unayemwazima gari.

Dada_Tandahimba

Mzee hapo umesema kweli tupu. Ongezea na mifereji inayochimbwa na malori msimu wa korosho. Usukani wangu unafuata mfereji kama reli. Mkono mmoja dirishani ni mwiko.

Runx_Shangani

Nashukuru sana wote. Swali kwa dada: kama ungekuwa unaanza upya na gari ni la kila siku, ungechukua ya sahani tena?

Dada_Tandahimba

Hapana kaka. Huku kwangu mchanga ni wa kila siku, ndiyo maana siitoi. Wewe unaishi mjini na shida yako ni kona ya lami. Ya gia haina sahani za kuisha, haipigi kelele, inatumia mafuta ya kawaida ya giaboksi. Honda waliweka ya gia kwenye Integra Type R na Civic Type R EK9, Ford wakaweka Quaife kwenye Focus RS ya 2002, Renault nao wakaenda ya gia kwenye Megane RS za Cup. Wote hao ni wa kuvuta mbele na wangeweza kuweka wanachotaka.

FundiWaChuno

Na kwa C60 una bahati. Lotus walichukua injini hiyo ya 2ZZ-GE na giaboksi ya familia hiyohiyo wakaweka kwenye Elise, ndiyo maana watengenezaji wa LSD bado wanaihudumia. Agiza kwa namba ya giaboksi, usiagize kwa jina la gari, maana kuna Runx zenye injini na giaboksi nyingine kabisa. Kwenye bajeti hesabu usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18, wengi wanakwama bandarini kwa sababu walihesabu bei ya dukani tu.

Runx_Shangani

Basi nimeamua ya gia. Bushi na bol-jointi kwanza, kisha tairi nzuri za mbele, halafu nione kama shida bado ipo kiasi cha kuagiza. Fundi, siku ya kushusha giaboksi niwe na nini mkononi ili kazi isilale?

FundiWaChuno

Huo mpangilio ni sahihi. Ukibadilisha bushi fanya alaimenti kabla ya kupima chochote, usije ukailaumu difu kwa kosa la toe (tairi kuelekea ndani au nje).

Siku ya kazi uwe na beringi mbili mpya za difu, oili sili za shafti zote mbili, bolti mpya za krauni (gia kubwa inayofungwa kwenye difu), gundi ya nati, mafuta mapya ya giaboksi 75W-90 ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari, na klachi seti kama yako ina umri. Giaboksi ikishakuwa chini, klachi haina gharama ya ufundi tena.

Sasa la kumwambia fundi yeyote atakayeifunga, hata kama siyo mimi. Wengi tumelelewa na difu za Hilux, tunatafuta nafasi ya krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni). Kwenye giaboksi hii iliyolala upande gia ya mwisho ni ya mshazari kama gia nyingine, hakuna pinioni ya kusogeza. Kinachopimwa ni ubanaji wa beringi za difu, na unarekebishwa kwa shimu (pete nyembamba za chuma). Difu mpya na beringi mpya maana yake shimu ya zamani huenda isifae. Ikibana mno beringi inaungua, ikilegea krauni inahama na kulia.

Krauni isipigwe nyundo kuingia, na isichomwe kwa gesi. Itie kwenye maji yanayochemka, itatanuka kidogo, ikauke, kisha iingie kwa mkono na bolti zikazwe kwa mpigo wa msalaba kwa toki renchi. Kama speedo yako inaendeshwa na gia iliyo kwenye difu, hakikisha imehamishiwa kwenye mpya kabla boksi halijafungwa. Na shimu za zamani zipime kwa maikromita, uziandike ya kushoto na ya kulia, kabla kijana wa gereji hajaziosha pamoja kwenye bakuli moja la petroli.