Binti yangu wa miaka 8 anataka kuchonga vinyago. Nianze naye vipi?

Mama Somoe, Chikongola, Mtwara

Habari zenu ndugu zangu. Nina watoto wawili, Somoe ana miaka 8 na Hamisi ana 5. Mwezi uliopita tulikwenda Newala kwenye msiba wa mjomba wangu. Nyuma ya nyumba yake lipo banda alilokuwa akichongea, na tezo yake bado imechomekwa kwenye kigogo kama aliyekwenda kunywa maji. Somoe alishinda mle mchana mzima akiokota vipande vya mpingo. Alirudi navyo Mtwara, na hulala navyo chini ya mto.

Tangu siku ile nyumba haina amani. Penseli tatu zimekwisha kwa wembe, zote zimechongwa vichwa vya watu. Juzi nimemkuta mlangoni ana kisu changu cha samaki, anachonga ufito, na Hamisi amepiga magoti mbele yake kabisa, uso usawa wa kisu. Nilipiga kelele, nikamnyang'anya.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na umri kama wake nilipofukuzwa kwenye banda lile lile. Niliambiwa mtoto wa kike hachongi, nenda kamsaidie mama yako. Niliondoka na sikurudi tena. Na sasa maneno yaliyonitoka mimi mlangoni yalikuwa karibu yale yale. Sitaki mwanangu afukuzwe, na sitaki akatwe. Naomba mnisaidie: mti gani, kisu gani, na huyu mdogo anayeiga kila kitu nimfanyeje?

Mchongaji wa Mikindani

Mwanangu, pole kwa msiba. Nina miaka 61 na kazi hii ndiyo iliyonilisha.

Mpingo uubakize chini ya mto. Ni mgumu mno kwa mkono wa mtoto: kisu hakiingii, kinateleza, na kikiteleza kinatafuta kidole. Vumbi lake nalo linawasha ngozi na kubana kifua, sisi wakubwa tunalijua. Mpe jambo moja tu la kufanya nao. Mjazie ndoo ya maji, atumbukize kipande cha mpingo na kipande cha msufi. Mmoja utazama kama jiwe, mwingine utaelea. Muache ashangae mwenyewe. Kisha mwambie mpingo mmoja huchukua miaka 70 mpaka 100 kufikia kuvunwa, ndiyo maana hatuupi mkono unaojifunza.

Anza na muhogo. George Lilanga, mzaliwa wa Kikwetu, ambaye kazi zake zimefika mbali sana ng'ambo, alijifunza kuchonga kwa mihogo kwanza, halafu mti laini, mti mgumu ukaja mwisho. Naye alikuwa mtu mzima tayari. Chukua muhogo mnene uliong'olewa siku hiyo hiyo, umenye, ukate kipande cha urefu wa kiganja. Unakatika kwa upole na unashika umbo. Ukiuacha mpaka kesho utapasuka, naye atajua kwa nini mimi hufunika gogo langu kwa gunia bichi kabla sijaenda kulala. Baada ya wiki kadhaa mpe msufi, kisha tawi bichi la mwembe.

Kisu kiwe kifupi, kisichopinda, na kikali. Wazazi wengi huwapa watoto kisu butu wakidhani ndiyo usalama. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ya mtoto haina breki. Chukua tyubu ya baiskeli, uzungushie makali, ubakize ncha tu, kama upana wa vidole viwili. Akae kwenye kigoda, viwiko juu ya magoti, kazi iwe mbele ya magoti. Asichongee katikati ya mapaja hata siku moja, pale pana mshipa mkubwa wa damu. Kisu kiende mbele, kisirudi kifuani. Kabla ya kuanza anyooshe mkono azunguke: anayeguswa asogee. Hamisi atajifunza mipaka yake hapo hapo.

Dakika 20 zinatosha. Mkono wa mtoto huchoka kabla ya moyo wake, na ajali huja kwenye mkono uliochoka.

Sasa lililo zito kwangu. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 9 alichonga ndege. Mbawa moja ilikuwa nene. Nikamchukulia, nikamnyooshea, nikapiga msasa, nikapaka kiwi, akawa ndege mzuri kweli. Mtoto akamtazama, akaniambia, "Huyu si wangu." Hakushika tena tezo mpaka leo, na ndege ninaye kabatini. Mama Somoe, kaa karibu naye, lakini mikono yako ishike kitu kingine. Pepeta mchele.

Kuhusu ubinti: kwetu Wamakonde wanaume ndio waliochonga, wanawake wakafinyanga vyungu. Huo ndio uliokuwa mgawo wa kazi. Mimi simfukuzi. Ninachoomba ni kimoja tu, asichonge lipiko, kile kinyago cha kuvaa kichwani, kwa kuchezea, mpaka umewauliza wazee wa upande wenu. Kinyago kile ni cha jando na kina miiko yake. Wanyama, ndege, watu waliobebana, vyote ruhusa.

Muuguzi, Lindi mjini

Dada, naongeza machache. Huo muhogo hakikisha watoto hawautafuni wakichonga, hasa ukiwa mchungu. Muhogo mchungu mbichi una sumu ya sayanaidi, na kwa mtoto wa miaka 5 kipande kidogo si kidogo. Wanawe mikono wakimaliza.

Akijikata, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, mkono uwe juu. Usipake kahawa, majivu wala mafuta ya taa. Nakutana na majeraha ya namna hiyo na yananiumiza roho. Likiwa limeachama, au damu haikomi, nenda kituo cha afya na kadi yake ya chanjo, wamwangalie habari ya pepopunda.

Mwalimu wa Nachingwea

Namheshimu sana mzee wa Mikindani, ila mimi nisingetazama umri. Mpe Somoe chungwa na kisu. Akilimenya lote, ganda jembamba, bila kukata nyama na bila kukuangalia wewe usoni, yuko tayari. Akishindwa, machungwa kwanza. Ninao wanafunzi wa miaka 7 wanaoweza na wa 11 ambao bado.

Hamisi mpe kipande cha sabuni ya mche, kijiko cha chai na kijiti kilichochongoka. Bila makali yoyote. Atachimba macho, atachimba mdomo, mabaki unayaweka kwenye kopo unafulia. Akianza kumlilia dada yake kisu, mwambie chake ni sabuni, na umsifie sabuni yake kwa dhati, wanajua ukidanganya.

Somoe akifika kwenye mti, kazi ya kwanza iwe pia, ile ya kuzungusha. Mtoto haambiwi kama pia yake imechongwa vizuri. Anaizungusha. Ikiyumba, anarudi mwenyewe kutafuta upande mzito.

Mama Somoe, Chikongola, Mtwara

Shikamoo baba wa Mikindani. Ahsanteni wote. Imepita miezi miwili sasa, nimeona nirudi niwaeleze.

Chungwa la kwanza alilichinja. La tano likatoka vizuri. Mihogo tumemaliza mingi, samaki sita na mtu mmoja asiye na shingo. Ya ndoo ilikuwa kweli, walizamisha na kuelea mpaka maji yakaisha, na Hamisi akalia kwamba mpingo umekufa.

Kukaa bila kusaidia ndiko kulikonishinda. Mara mbili nimejikuta nimeshanyoosha mkono. Sasa nikikaa naye nasuka ukili.

Wiki hii tumeingia kwenye msufi. Alitaka twiga. Jana mguu mmoja ukakatika, leo mwingine. Amelia sana na amesema hachongi tena. Nimenunua gundi lakini bado sijaifungua. Baba, nigundishe?

Mchongaji wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Usifungue gundi.

Wachongaji tunasimuliana habari ya mchongaji mwenzetu aliyeitwa Samaki Likankoa. Alikuwa akichonga mtu, kazi ikavunjika mkono. Hakuitupa. Aliigeuza ikawa shetani, kiumbe wa porini asiye na umbo la kawaida, na tangu hapo, miaka ya 1950 ikielekea mwisho, ukazaliwa mtindo mzima ambao wengi tumeufuata mpaka leo.

Muwekee twiga mbele yake amelala ubavu. Usimwambie neno. Kesho asubuhi muulize anaona nini.

Mama Somoe, Chikongola, Mtwara

Amesema ni kaa. Shingo ya twiga imekuwa gando moja refu, gando la pili anasema limeliwa na pweza. Amechonga tangu alipotoka shule, nimemsimamisha kwa sababu ya zile dakika 20. Sasa anadai msasa. Ninunue wa namba ngapi?

Mchongaji wa Mikindani

80 kwanza, halafu 220. Apige kufuata nyuzi za mti, na Hamisi akae upande ule upepo unakotoka, vumbi lisimfuate.